Risasi ya Pili ni ya Nani?

Desemba 1898, karibu na daraja la reli la Tsavo, simba alitoka kichakani akasimama mbele ya John Henry Patterson. Patterson alikuwa mhandisi aliyeletwa kusimamia ujenzi wa daraja hilo, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiwawinda simba wawili waliokuwa wakiwatoa vibarua wake mahemani usiku na kuwala. Siku hiyo vibarua walijipanga upande wa pili wa kichaka, wakagonga madebe kwa nguvu zao zote ili mnyama akimbilie alikojificha mwenye bunduki. Bunduki yenyewe haikuwa yake. Alikuwa amebadilishana na daktari mmoja kwa sababu ya daktari ilikuwa na nguvu zaidi, nayo ilikuwa ya mitutu miwili. Alilenga kichwa, akavuta kifyatuo, akasikia mlio mkavu wa chuma. Risasi haikulipuka.

Kilichofuata alikisimulia mwenyewe, bila kujipamba, katika kitabu chake cha mwaka 1907, The Man-Eaters of Tsavo. Alishtuka hata akasahau kwamba mtutu wa kushoto ulikuwa na risasi nzima. Akaishusha bunduki begani ili aijaze upya. Simba angeweza kummaliza papo hapo, lakini kelele za madebe zilimvuruga, akarukia kando. Hapo ndipo akili ya Patterson ilipomrudia. Akampiga kwa mtutu wa kushoto, akamjeruhi.

Wanaoisifu bunduki ya mitutu miwili husema fahari yake ni hiyo risasi ya pili: ipo tayari, haingoji kitu. Ni kweli, na Patterson alikuwa nayo. Alikuwa nayo mkononi, imejazwa, kidole kikisogea tu anaifikia, na bado kwa muda ule haikuwa na faida zaidi ya risasi iliyobaki dukani Mombasa. Waliomwokoa ni vibarua na madebe yao. Ndiyo maana mtu anapouliza kama bunduki ya namna hii inafaa kununuliwa, mimi huona swali la chuma ni dogo. Kubwa ni hili: hiyo risasi ya pili unaibeba kwa ajili ya nani?

Lakini kwanza tukijue kitu chenyewe. Wengi wetu tukisikia mitutu miwili tunaiona ile bunduki ya marisau ya kupigia kanga na kware. Hii ni nyingine. Umbo linafanana, na inavunjika katikati vilevile ili kujazwa, ila mitutu yake imechongwa ndani mifereji inayoizungusha risasi, na risasi yenyewe inakaribia unene wa kidole. Mafundi wa London na Birmingham ndio walioifikisha mahali pake pa juu: Holland & Holland, Westley Richards, Rigby, Purdey, Jeffery. Mwaka ule ule wa simba wa Tsavo, 1898, Rigby walitoa risasi ya .450 yenye baruti isiyo na moshi, na zama zake hasa zikaanza. Kabla ya hapo mwindaji wa tembo alibeba zigo la bunduki ya baruti nyeusi. Akipiga, anafunikwa na moshi wake mwenyewe, hajui tembo ameanguka au anamjia.

Ukiifungua utakuta kila mtutu una mtambo wake: springi yake, nyundo yake, kifyatuo chake. Springi ya kulia ikikatika, ya kushoto haina habari. Ni bunduki mbili zinazogawana kitako kimoja. Bunduki ya komeo, ambayo wawindaji wengi wameizoea, hubeba risasi nne au tano, lakini baina ya ya kwanza na ya pili kuna kazi: inua komeo, livute nyuma, lisukume mbele, lishushe. Aliyezoea hufanya hayo haraka sana. Aliyeogopa huvuta nusu, husukuma, hufunga, na kumbe mtutu u mtupu. Kwenye mitutu miwili kidole kinaacha kifyatuo cha mbele na kushika cha nyuma, basi. Ila baada ya hapo umekwisha. Ya tatu haipo. Uivunje, maganda yatoke, utie mpya kwa mkono, na mbogo hasubiri.

Hesabu hiyo ndiyo inayonivuta. Gobore, yenye risasi moja inayoshindiliwa mdomoni, inakudai ukamilifu: ukikosa, kimbia. Bunduki yenye risasi tele inakunong'oneza kwamba hii ya kwanza ni ya kujaribu tu, utarekebisha mbele. Ya mitutu miwili inakubali kwamba binadamu hukosea, inampa nafasi ya kulirekebisha kosa, kisha inamnyima nyingine. Wazee wetu hawakuiamini sana mbili. Walisema mshika mbili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Lakini fisi alishindwa kwa kuwa alitaka nyama ya njia zote mbili kwa pamoja. Mitutu hii haina tamaa mbili. Yote inamwelekea mnyama mmoja, kwa kazi moja. Methali inayoikaribia ni akiba haiozi, na hata hiyo ni ya kutumia kwa tahadhari, maana akiba ya Patterson ilikuwa nzima kabisa na bado haikumfaa.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka wakikimbilia nakshi za maua na tembo zilizochorwa pembeni, nami naona ndilo lenye maana kuliko nakshi zote. Itazame mitutu hiyo miwili ikiwa mezani. Utadhani imelala sambamba. Haikulala hivyo, na ingelala hivyo risasi zake zisingekutana kamwe. Sababu ni teke. Mtutu wa kulia uko pembeni kidogo ya mstari wa katikati; ukilipuka, bunduki yote hujipinda juu na kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto hujipinda juu na kushoto. Kwa hiyo fundi huielekeza mitutu ndani, kila mmoja ukimtazama mwenzake, ili teke la kila mmoja liirudishe risasi yake kwenye mstari.

Iinamishwe kiasi gani? Hakuna hesabu ya karatasi inayotosha. Fundi huiunganisha kwa lehemu na kabari ndogo karibu na midomo, huenda uwanjani, hupiga wa kulia, hupiga wa kushoto, hutazama matundu kwenye ubao wa shabaha. Hurudi, huyeyusha lehemu, husogeza kabari unywele mmoja, huunganisha upya, hupiga tena. Ni kazi ya mpishi anayeonja mchuzi, anatia chumvi, anaonja tena, isipokuwa hapa kila mwonjo unaliumiza bega. Huendelea hivyo mpaka risasi za mitutu yote miwili zitue mahali pamoja, aghalabu kwenye umbali wa mita 50 hadi 100 hivi. Sehemu isiyo ndogo ya bei ya bunduki hii ni malipo ya jicho na bega la mtu huyo, ambaye jina lake halichorwi popote kwenye chuma.

Na mapatano hayo ya mitutu fundi ameyafanya kwa risasi moja maalumu. Kwenye bunduki za kale za Uingereza utakuta yamechongwa chini ya mitutu, mahali pasipoonekana mpaka uitenganishe na kitako, uzito wa baruti na uzito wa kichwa cha risasi. Tia nyingine, yenye kasi zaidi au nzito zaidi, na mitutu inagombana: mmoja unapiga huku, mwingine kule. Hata joto lilikuwa na neno. Kordaiti, baruti ya zama zile, ilizidi ukali kwenye jua kali, hata watengenezaji wakatoa risasi zenye baruti iliyopunguzwa kwa ajili ya India na Afrika. Bunduki iliyopatana na nafsi yake kwenye baridi ya London ingeweza kufarakana kwenye joto la Rufiji.

Hapo umiliki unageuka. Una kibali cha polisi, una risiti, una ufunguo wa kabati la chuma. Kwa karatasi zote kitu ni chako. Lakini bunduki imekwisha kuamua utapiga risasi gani, yenye uzito gani, kwa umbali upi. Wewe ndiye unayejifunza kuitii. Mwenye bunduki ya komeo anabadilisha risasi, anazungusha vidude vya darubini, anaifanya bunduki imfuate. Mwenye mitutu miwili anaingia kwenye makubaliano yaliyofungwa kabla yake, pengine kabla hajazaliwa. Na kama ameinunua ya zamani, kitako chake kilichongwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine. Watengenezaji wa Uingereza walimpima mteja kama fundi cherehani anavyopima suti: urefu wa mkono, upana wa bega, shingo. Leo mtu wa Arusha au wa Texas anaiweka begani na kupokea urefu wa mkono wa marehemu. Kitako kinaweza kurefushwa au kufupishwa, na ni busara kufanya hivyo, maana bunduki isiyokaa begani hulenga kwingine. Lakini ni vizuri kujua kwamba umeingia nyumba ya mtu.

Mfano wa umiliki wa namna nyingine ni Theodore Roosevelt. Alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909, mara tu baada ya kutoka madarakani Marekani, mojawapo ya bunduki zake ilikuwa ya Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Walimpa kwa kutambua mchango wake katika kuhifadhi wanyama na misitu. Soma tena hapo: kwa kuwa umewalinda wanyama, pokea bunduki ya kuulia tembo. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Sitaki kumcheka. Watu wale hawakuona kwamba maneno yao yanapingana, na hata sisi leo tunapotoza ada ya kuwinda mbogo ili kulipia ulinzi wa mbogo hatujatoka mbali sana na pale. Ila bunduki hiyo leo iko makumbusho, Marekani. Na bunduki ya Westley Richards ya .577 iliyokuwa ya Ernest Hemingway ilinadiwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola 300,000. Hakuna aliyelipa fedha zile ili akamfuate mbogo nayo.

Huo ndio mwisho wa nyingi kati ya bunduki hizi nzuri. Zinapanda bei, zinaingia kabatini, zinapakwa mafuta, zinatolewa siku ya wageni. Sioni dhambi katika kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri; mlango wa Lamu nao ungefungika bila nakshi. Lakini mlango wa Lamu unafunguliwa na kufungwa kila siku. Bunduki ambayo risasi yake ya pili imewekwa isitumike kamwe, na ya kwanza vilevile, imebakiza sura ya akiba bila kazi yake.

Kuna mtu aliyewahi kuwakatisha watu hamu ya mitutu miwili kuliko mwingine yeyote, naye ni Walter Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya komeo ya milimita saba, ambayo risasi yake ni ndogo kiasi kwamba leo sheria za nchi nyingi za Afrika haziiruhusu kabisa kwa tembo. Siri yake haikuwa nguvu. Aliupasua mfupa wa kichwa cha tembo ili aone ubongo umekaa wapi, akajifunza kuufikia kutoka kila upande. Kwa Bell, risasi ya pili ilikuwa ya tembo wa pili.

Idadi ile inanichukiza, na nadhani msomaji wa leo atakubaliana nami. Lakini hoja yake ya ufundi haijibiki kwa kupiga kifua. Kama lengo ni kuangusha mnyama aliyetulia, asiyejua kama upo, mitutu miwili haihitajiki. Inagharimu zaidi, ina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano, haifai kwa umbali mrefu. Anayeinunua ili awe mwindaji bora amenunua kisicho chake.

Faida yake inaanza pale mambo yalipoharibika. Mbogo amepigwa vibaya, ameingia kwenye matete au kichaka kizito, damu inaonekana kwenye majani, na mtu lazima aingie kumfuata. Umbali huko ndani ni hatua chache. Hakuna muda wa komeo wala wa darubini. Risasi ya .470, ambayo wengi huichagua kwa kazi hii, ina kichwa cha gramu 32 kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 650 kwa sekunde. Nguvu yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya risasi ya AK-47. Hapo ndipo kidole kinachohama kutoka kifyatuo cha mbele kwenda cha nyuma kinalipa gharama yote. Na tazama: hali hiyo haikuletwa na bahati mbaya ya mbingu. Kuna mtu alipiga risasi ya kwanza vibaya. Ya kwanza ilikuwa ya hamu yake, alipotaka na alivyotaka. Ya pili ni deni.

Deni kwa nani? Kwa mnyama kwanza, ambaye sasa anaumia kwa sababu ya uamuzi wa mtu. Kwenye uwindaji wa kitalii wa Tanzania, mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni huwa na bunduki yake nzito, na wengi huchagua ya mitutu miwili. Mgeni ndiye anayelipia, mgeni ndiye anayepiga. Bingwa anasubiri. Siku yake njema ni ile anayorudi kambini na risasi zake zote mbili kama alivyotoka nazo. Mgeni akikosea, yeye ndiye anayeingia kichakani. Huyu ninamwelewa. Bunduki yake ni ya kosa la mtu mwingine, na kwa maoni yangu hakuna sababu safi kuliko hiyo ya kubeba kitu cha kuua.

Deni la pili ni kwa aliye mbele. Tunapozisoma habari za uwindaji tunamwona mwenye bunduki peke yake na mnyama, kana kwamba pori zima lina viumbe wawili. Mbele yake kuna mfuata nyayo. Huyu ameinama anasoma ardhi, macho yako chini, mikono mara nyingi haina kitu ila fimbo. Mbogo akitoka, wa kwanza kukutana naye ni yeye. Risasi ya pili ya aliye nyuma ndiyo ngao yake pekee, nayo iko kwenye kidole cha mtu ambaye pengine amefahamiana naye juzi. Nikimfikiria mtu huyo, mjadala wa nakshi, wa mti wa kitako kama ni wa walnati wa Uturuki au wa Ufaransa, unanyauka wenyewe.

Yana historia yake pia, haya ya nani ashike nini. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliosainiwa ili kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, na ukali wake ulizilenga bunduki za kisasa zenye mitutu ya mifereji. Zilizoachiwa mlango kidogo ni za kizamani, za jiwe la kuwashia na baruti ya kawaida. Kwa hiyo gobore walilobaki nalo babu zetu halikuwa dalili ya kuchelewa. Liliachwa kwa mujibu wa karatasi. Bwana mkubwa alikuja na mitutu miwili, na nyuma yake akatembea mbeba bunduki, Mwafrika, akiwa ameishika bunduki nzito kuliko zote. Aliibeba kutwa, akaisafisha usiku, akamkabidhi mwenyewe wakati wa hatari, kisha akasimama palepale mikono mitupu kumngoja mnyama. Ukiniuliza ni nani aliyeijua zaidi bunduki ile, uzito wake, tabia ya kifungio chake cha juu, namna kinavyokwama vumbi likiingia, nitakuambia ni yeye. Hakuwa na hati. Na huko Tsavo, Wawaata walikuwa wakimkaribia tembo hatua chache kwa upinde na mshale wa sumu, kazi ambayo sheria ya kikoloni iliita ujangili huku ikiita ya Bell uwindaji.

Sisemi haya ili nimnyime mtu bunduki yake leo. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua; Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena 1978, na vitalu vipo hadi sasa. Kila nchi ina hoja zake. Mimi mwenyewe nyara za ukutani hazinigusi, na picha ya mtu amekalia mnyama aliyekufa naiona ni ukosefu wa adabu. Lakini nimeishi vya kutosha kati ya watu wanaolima karibu na mapori kujua kwamba mbogo aliyejeruhiwa, awe amejeruhiwa na mgeni wa kitalii au na nyaya za mtego, hukutana na mwanamke anayechota maji kabla hajakutana na mwandishi wa makala. Mtu wa kumfuata lazima awepo, na lazima awe na kitu mkononi kinachofanya kazi.

Basi kwa aliyeamua kununua, na sheria inamruhusu, nina machache. Chukua yenye vifyatuo viwili, si kimoja. Utaratibu wa kimoja ni mzuri mpaka uharibike, na ukiharibika umeipoteza mitutu yote. Acha .577 na .600 kwa wenye mabega ya kuonyesha. Teke lake hukufunza kufumba macho, na mwenye kufumba macho hana risasi ya pili. Kama ni ya zamani, itenganishe, itundike mitutu kwa uzi au kwa kidole, igonge taratibu kwa ukucha. Ikilia mlio mrefu na safi, lehemu imeshika. Ikitoa mlio uliokufa, mahali fulani imeachia, na mapatano ya yule fundi yamevunjika. Irudishe kwa muuzaji hata kama nakshi zake zinakuliza. Uliza ilipatanishwa kwa risasi gani na uone kama risasi hiyo bado inapatikana. Kuna mpya zinazotengenezwa Ujerumani na Ufaransa, za Heym, Krieghoff, Merkel au Chapuis, ambazo hazina hadithi yoyote na zinapiga vizuri sana. Kutokuwa na hadithi si kasoro.

Halafu piga hesabu ya risasi za mazoezi. Moja ya .470 inauzwa zaidi ya dola 10, na huwezi kukizoeza kidole kuhama kutoka kifyatuo hadi kifyatuo kwa kuiwaza tu kitandani. Inatakiwa ufyatue mbili mbili, umesimama, umechoka, jasho likiingia machoni, mpaka mkono ufanye wenyewe kile ambacho mkono wa Patterson haukukifanya. Kama fedha zako zinaishia kwenye bunduki na hazifiki kwenye mazoezi, usiinunue. Chukua ya komeo ya .375, ambayo Tanzania na nchi nyingine nyingi za uwindaji zinaikubali kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Jifunze kupiga moja vizuri, na tofauti ya bei mlipe mfuata nyayo wako.